Unalipia kozi ya droni mtandaoni? Uliza kwanza mtihani unafanyiwa wapi

Kijana mmoja aliingia kwetu na kompyuta mgongoni, akakaa kiti cha dirishani, akasema: "Papa, kozi nimeimaliza. Majaribio yote napata zaidi ya tisini. Sasa nionyesheni pa kufanyia mtihani." Tukamuuliza, mtihani gani? Akafungua kompyuta. Ulikuwa mtihani wa warusha droni uitwao Part 107, ule wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Maswali 60, ukipata asilimia 70 umefaulu, ada dola 175. Tena hufanyiwa ndani ya kituo kilichoidhinishwa, na msimamizi anakutazama. Nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, haufanyiki. Aliyemuuzia kozi hakumwambia neno hilo hata moja.

Hatukumcheka, maana si wa kwanza. Alichojifunza hakikupotea: kusoma hali ya hewa, kuelewa betri, kujua kwa nini droni huanguka. Ila cheti chenyewe ni ruhusa ya kufanya biashara katika anga ya Marekani, kwa droni isiyofika kilo 25, na kwa kawaida bila kupita futi 400, yaani mita kama 120. Hapa kwetu ruhusa inatolewa na Autorité de l'Aviation Civile, AAC, na karatasi ya Marekani haisimami mahali pa karatasi yao. Tunalisema mapema kwa sababu sisi tunauza nafasi, kurani (umeme) na intaneti kwa wanaosoma mtandaoni. Mteja akigundua baada ya miezi sita kwamba alinunua asichokitaka, hasira yake inaishia kwenye kaunta yetu.

Basi unatafuta nini? Ukitaka digrii yenyewe, zipo. Chuo Kikuu cha North Dakota kilianzisha digrii ya ndege zisizo na rubani mwaka 2009, cha kwanza Marekani. Embry-Riddle, chuo cha urubani chenye kampasi Daytona Beach, Florida, kinafundisha fani hiyo kwa mtandao. Ni miaka, na ni pesa ambazo familia inakaa chini kuzijadili. Ukitaka kuonja kwanza, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina kozi ya roboti za angani kwenye Coursera, tovuti ya kozi za vyuo, na Toronto ina kozi za magari yanayojiendesha humohumo. Anayekosa pesa anaweza kuomba msaada wa ada Coursera. Fomu hiyo tunaijaza pamoja na mteja, bure.

Maoni yetu, na tunayasema waziwazi: aliyetoka section ya math-physique (hesabu na fizikia) sekondari aanze na Pennsylvania. Aliyetoka latin-philo (Kilatini na falsafa) naye anakaribishwa, ila ajiandae kulia kidogo kwenye matrisi, yale majedwali ya namba. Ile ya Toronto inaishia kwenye programu ya kuigiza barabara inayoitwa CARLA, ambayo ni nzito kweli. Tunayo mashine moja tu inayoiweza, kwa hiyo kuna daftari la zamu.

Tusiisahau Malawi. Lilongwe, ambako kwa ndege ni karibu na sisi kuliko Kinshasa, kulifunguliwa Januari 2020 chuo cha droni na data cha UNICEF, kwa ushirikiano na Virginia Tech. Vijana wetu wengi wanaiwaza Florida kabla ya kuwaza upande huo.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono, maana hapo ndipo mtandao unapoishia. Watu hufikiri lazima ununue droni siku ya kwanza. Sisi tunasema usinunue. ArduPilot, programu ileile inayoongoza droni nyingi za kweli, inapatikana bure, na ina sehemu ya kuigiza urukaji ambayo kompyuta ya kawaida inaimudu. Ukiiwasha mara ya kwanza inakupeleka Canberra, Australia, kwenye uwanja wa wapenda ndege ndogo. Wanafunzi wanashangaa: nyasi zile ni za nani? Zoezi letu la kwanza ni kuihamisha droni ije nyumbani: latitudo -11.66, longitudo 27.48. Nusu ya darasa husahau ile alama ya kutoa. Ukiisahau, droni yako inajikuta kaskazini mwa ikweta, ndani ya Sudan, na paa za Lubumbashi huzioni. Kosa hilo kwenye skrini linaleta kicheko. Kwenye droni ya kweli linaleta matatizo makubwa, na akishalifanya mara moja mbele ya wenzake, mtu halirudii.

Zoezi la pili ni la karatasi na kalamu, na ndilo tunalipenda zaidi. Kozi za Marekani hufundisha kwamba hewa ya moto na ya mahali pa juu ni nyepesi, na rafadha huishika kwa shida. Mwanafunzi anajibu swali la Denver, mji wa Marekani ulio juu, anapata alama, anapita. Sisi tunamwambia aache Denver, ahesabu hapa. Mji wetu uko mita 1,250 hivi juu ya bahari. Katika hewa ya vitabuni, urefu huo ungekuwa na nyuzi joto kama 7. Mchana wa Oktoba, kabla mvua haijaanza, tuna 33. Tofauti ni 26, na kila nyuzi moja inaongeza kama mita 36 juu ya urefu huo. Jumla: mota zinahangaika kama vile droni iko mita 2,200. Ndiyo maana dakika za kuruka zilizoandikwa kwenye boksi hazitimii, na anayepanga kupima lundo la mawe mgodini kwa kufuata boksi atarudishiwa droni na mwenye shamba la jirani.

Kupima malundo ndiyo ajira wanayoiota wengi hapa, kwa sababu ya miji ya migodi ya Kipushi, Likasi na Kolwezi. Picha zinapigwa zikipandiana kwa robo tatu au zaidi, kisha programu inatengeneza umbo na ujazo. WebODM inafanya hivyo bure. Tunazo picha za mazoezi kwenye diski, huhitaji kumaliza mega zako kuzipakua.

Kuruka kwenyewe kunafanyika ndani ya salle (ukumbi) yetu tu, kwa droni ndogo ya mazoezi, na vyandarua vya mbu vimetundikwa pande zote nne. Nje hatutoki bila karatasi za AAC. Uwanja wa ndege wa Luano uko karibu na mji, na zaidi ya hapo, nchi hii imeifahamu droni kupitia vita: Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha za kwake za uchunguzi kutoka Goma, mara ya kwanza kwa walinda amani wake. Zile zilizobeba chanjo kule mkoa wa Équateur zilikuja baadaye, na hazikusikika sana. Mama aliye sokoni akisikia mlio juu ya kichwa hawezi kujua wewe ni mwanafunzi.

Lugha nayo ni kazi. Umesoma kwa Kifaransa, mwalimu anasema pitch, wewe ulijifunza tangage, na kwa Kiswahili tunasema pua inainama. Ukutani tuna bango la safu tatu, na kila mwanafunzi anaruhusiwa kuongeza neno. Baadhi ya maneno yao ni ya ajabu, lakini yanashika kichwani.

Mwisho, saa. Hili ndilo linaloangusha watu kuliko hesabu. Darasa la moja kwa moja la saa moja jioni Florida ni saa saba usiku hapa, wakati wao wako kwenye saa za kiangazi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba linakuwa saa nane usiku. Jumapili ya pili ya Machi linarudi saa saba, na Machi ndiyo mbaya: unaingia ukidhani umewahi, kumbe mwalimu anaaga. Na kagua simu yako. Ikiwa imewekwa saa ya Kinshasa, iko nyuma saa nzima.

Kwa kuwa hakuna anayetembea mjini saa hizo, wa madarasa ya usiku wanaingia kabla ya saa nne, mlango unafungwa, na wanatoka kukipambazuka. Betri za paneli zinabeba kompyuta na intaneti mpaka asubuhi hata kurani ikikatika, taa tunapunguza. Chai ipo, bukari (ugali) hatupiki. Juni na Julai salle inakuwa baridi sana, lete blanketi lako, maana yale mawili ya kwetu huwa yameshachukuliwa na watu wa Toronto.