Barua ya wazi kwa mjomba wangu wa Ipogolo

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Iringa haijakuzidi. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu yale uliyonijibu tulipokuwa tukipanda kutoka Ipogolo kwenda mjini huyasema wazee wengi wa huku, nami siku ile sikuwa na jibu la maana.

Ulisimama konani, mkono kiunoni, ukaanza kuniuliza bei ya maharage kana kwamba ndiyo iliyokusimamisha. Pumzi yako niliisikia. Nilipotaja mazoezi ulisema umelima kwa jembe la mkono miaka 30, mwili umekwisha kufanya kazi yake, na sasa ni haki yako kupanda bajaji. Haki ya kupumzika sikunyimi. Lakini mishipa ya damu, mjomba, haina ghala la kuwekea akiba kama mahindi.

Ndani ya kila mshipa mna utando mwembamba, wenye unene wa seli moja tu, uitwao endothelia. Unapotembea kwa haraka, moyo husukuma damu nyingi zaidi, na damu hiyo inapopita kwa kasi huusugua utando huo. Nao ukisuguliwa hutoa gesi ya nitriki oksaidi, ambayo huilegeza misuli ya ukuta wa mshipa, mshipa ukatanuka na damu ikapita bila kulazimishwa. Utafiti kuhusu kazi ya gesi hiyo ndio uliowapatia Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Msuguo ukirudiwa siku hadi siku, utando huzidi kuwa hodari wa kuitoa. Ukikoma, uhodari huo hufifia ndani ya majuma machache tu. Ndiyo maana jembe la mwaka 1985 haliwezi kuulegeza mshipa wa leo.

Kuhusu bajaji nina neno moja. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa kutwa nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi yaleyale.

Sikuombi ukimbie. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Vidonge vya presha usiviache, kwani kutembea husaidiana navyo, hakuchukui nafasi yake. Na kabla hatujaanza tupitie kwanza zahanati, wakupime na kusikia habari ya ile pumzi. Kifua kikikubana njiani, tunasimama hapohapo na kwenda hospitali, bila kusingizia bei ya kitu chochote.

Baada ya hapo nitakuwa nakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tutatembea bondeni, kandokando ya Ruaha Mdogo, na mlima tutauacha kwa sasa. Bei ya maharage nitakuwa nimekwisha kuiulizia.

Mpwa wako