KUH: Beli za sileji mlizotoboa mkizishusha kwangu Ol Kalou

Kwa Meneja,

Habari ya kazi. Mimi ni yule mama wa Ol Kalou aliyenunua kwenu beli 40 za sileji ya mahindi, ile malisho ya ng'ombe iliyokatwa mbichi na kufungwa nailoni isiingie hewa ikaoza, mkaniletea tarehe 14 mwezi wa kumi. Nimeongea na watu wenu kwa simu mara nne na kwa WhatsApp sijui mara ngapi, na jibu ni lile lile, ati sileji ikishashuka kwa lori ni ya mteja, na kama imeoza basi ni mimi sikuiweka vizuri. Sasa nimeamua kukuandikia wewe mwenyewe kila kitu vile kilikuwa, kwa sababu naona hujaambiwa.

Kwanza niseme ukweli, sileji yenu ni nzuri. Imekatwa fupi, punje zimepasuliwa, na beli iliyo nzima ukiifungua inanukia tamu mpaka ng'ombe wanaanza kulia kabla hujafika kwa zizi. Ndio maana nililipa shilingi 192,000 bila kuvutana bei, kilo 12 bob na kila beli kama kilo 400, pesa ya kuuza ndama wawili na nyingine nilikopa kwa chama. Nina ng'ombe 8 wa kukamua na kwa siku wanamaliza kama nusu beli, kwa hivyo hizo 40 zilikuwa zinivushe kiangazi chote mpaka mvua ya mwezi wa tatu. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wa mwaka mzima.

Mlikuwa mmeniahidi mtakuja na loda ya mikono miwili, ile inaikumbatia beli kutoka pande zote bila kuchuna nailoni. Ile siku nikaona trakta imekuja na mkuki mbele, vyuma viwili virefu vya kuchomea beli za nyasi kavu. Nikamwuliza dereva, wewe kijana, hii si ya sileji, mbona unataka kuzitoboa? Akasema ile nyingine imeharibika, na nisiwe na wasiwasi mama, tutaziba. Kweli waliziba, na selotepu ya kahawia ya kufungia makartoni, wakabandika juu ya nailoni yenye matope na umande. Wiki mbili hazikuisha, jua likapiga, mvua ikanyesha, zote zikawa zinaning'inia kama majani makavu. Ile tepu ya kuziba sileji nyinyi mnaijua na mnaiuza dukani kwenu, mbona haikuwa kwa lori?

Alafu nikamwuliza zilifungwa lini, akaniambia siku kumi zilizopita. Vile sisi tulifundishwa kwa mafunzo ya wafugaji, beli inahamishwa siku ile ile imefungwa au kesho yake, ukikosa unaiacha itulie wiki sita hivi, kwa sababu katikati hapo tabaka za nailoni zimeshashikana na ukizisukumasukuma zinaachana, hewa inaingia hata bila tundu. Nyinyi ndio wataalamu, hilo mnalijua kuliko mimi. Nilinyamaza kwa sababu lori lilikuwa mlangoni, mvua inakuja, na pesa nilikuwa nimeshatuma.

Nilikuwa nimetengeneza mahali, nimemwaga changarawe, nimesawazisha, mbali na miti ndio matawi na ndege wasitoboe. Vijana wenu wakasema hapo ni mbali, trakta itateleza, wakapanga kule chini kwa shamba nililokuwa nimevuna mahindi, juu ya visiki. Kisiki cha mhindi kimekatwa mshazari ni kama msumari. Na wakazilaza ubavu, tatu kwenda juu, kama magunia ya viazi. Sileji ya mahindi ni maji zaidi ya nusu, ni nzito na ni laini, ukiibebesha nyingine mbili inakaa chini kama unga uliokandwa na nailoni inavutika. Beli ya duara husimamishwa kwa ule upande bapa, kwa sababu huko ndiko nailoni ni nene zaidi, na kama ni mbichi hivyo unaiacha moja moja bila kuibebesha. Nililia nao wapunguze, wakaniambia lori lina safari nyingine.

Usiku wa tarehe 2 mwezi wa kumi na moja, beli moja ya juu ikateremka. Tulisikia kishindo tukadhani ni ukuta. Ilibingirika ikavunja ua wa ndama ikasimama kwa njia ile kijana wangu anayekamua hupita kila siku saa kumi na moja asubuhi akiwa na ndoo mbili. Kilo 400, Bwana Meneja. Mpaka leo nikiamka hiyo saa naangalia kwanza hiyo njia. Niliwapigia asubuhi hiyo hiyo na hakuna mtu alikuja, mwishowe nikalipa vijana sita wa hapa jirani tukateremsha zile za juu kwa kamba na mbao, siku nzima.

Sasa kwa hiyo maneno ya kwamba ni mimi niliharibu. Nilianza kulisha tarehe 1 mwezi wa kwanza na mpaka leo nimefungua beli 14. Nane zilikuwa na matundu ya mkuki, sita hazikuwa na tundu. Zile sita zimetoka safi, nimelisha mpaka mwisho. Zile nane zote, kila moja, imeoza. Ni shamba moja, mvua moja, jua moja, na hakuna panya anayetoboa matundu mawili ya duara yenye nafasi sawa kwa kila beli. Nimeyapima kwa kijiti, nimewatumia picha.

Ya kwanza niliifungua mwenyewe. Nikaweka mkono karibu na tundu nikaukuta ni moto, na sileji iliyotulia inafaa kuwa baridi. Nikakata nailoni, na kutoka pale tundu ukungu ulikuwa umeingia ndani kama mzizi, mweupe alafu wa buluu, unatawanyika ukienda, umefika katikati kabisa, na pembeni yake mahindi yamekuwa meusi yanateleza kwa vidole. Nikatoa ile iliyoonekana sawa nikawapa. Baraka, ng'ombe wangu mkubwa, akanusa akageuza kichwa. Wengine walikula, na kwa siku nne maziwa yakashuka kutoka lita 112 mpaka 81. Daktari wa mifugo alikuja akaniambia nisiwape tena hata kidogo, maana nina wawili wenye mimba na sileji iliyoingia hewa inaweza kuwa na listeria, bakteria inayotoa mimba, na huo ukungu ukiwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inaweza kupita mpaka kwa maziwa. Hayo maziwa yananywewa na watoto wa watu, na wangu pia.

Nimetupa wilibaro 42, kila moja kama kilo 50, hiyo ni kilo 2,100 yaani shilingi 25,200 nimezika kwa shimo. Na katika zile 26 zimebaki, 12 zina matundu ya mkuki na 3 zimetobolewa na visiki kwa chini, nimeziwekea alama ya rangi nyekundu. Nimezisimamisha, nimeziba kwa tepu yenyewe niliyonunua, lakini miezi mitatu ya hewa huwezi kuirudisha nyuma.

Ninachotaka ni mniletee beli 15 nzima badala ya hizo zenye alama, na kilo 2,100 za zile nimetupa, kabla ya katikati ya mwezi wa pili, kwa sababu nyasi imeisha na nikikosa itabidi niuze ng'ombe. Zije na loda ya kukumbatia. Mkija na mkuki sitafungua geti. Na hao vijana wafundishwe kupanga, safari hii beli ilivunja ua tu.

Nimeacha beli moja mbovu haijafunguliwa, ndio mtu wenu akate kwa mkono wake aone tundu na ukungu viko pamoja. Nyingine mbovu niliyofungua, nusu yake iko chini ya turubai. Niko nyumbani kila siku mpaka Ijumaa saa kumi. Baada ya hapo hiyo nusu lazima niizike, mbwa wameshaanza kuichimba.

Mteja wenu,
Mfugaji, Ol Kalou