Antimata haikai kwenye kopo

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana wa fizikia na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu kwamba Wamarekani wamegundua nishati mpya ya antimata, yaani kinyume cha mata (maada) ya kawaida, imenishinda kuinyamazia.

Kule kwenye maabara ya Brookhaven, New York, viini vya atomi za dhahabu vilikuwa vikigonganishwa kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga. Palizuka joto la nyuzi trilioni 4 hivi, na lilipopoa, baadhi ya protoni na nyutroni zilishikamana kuwa viini vyepesi. Vinyume vyake, antiprotoni na antinyutroni, vilifanya vivyo hivyo. Lakini kila antiprotoni au antinyutroni moja ikiongezeka, kiini huadimika takriban mara elfu. Mwaka 2011 watafiti wa STAR, kitambuzi cha chembe cha hukohuko Brookhaven, walipekua migongano bilioni moja wakapata viini 18 vya antiheliamu-4. Kumi na nane tu! Mwaka 2024 walitangaza antihaipahaidrojeni-4, kiini kizito zaidi hadi wakati huo kati ya viini vya antimata vyenye chembe ngeni iitwayo antihaiperoni: vilionekana kama 16 katika migongano bilioni 6.6. Wanatafuta kujua kwa nini ulimwengu umebaki na mata, antimata ikapotea. Hilo hamkuliandika.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja alipita mtaani kwetu na kopo la chuma lililozibwa kwa nta, mkononi ana nakala ya ukurasa wenu, anauza hisa. Jirani yangu, mama mjane, alimpa fedha alizogawiwa kwenye kikoba. Nilisimama pale nikaeleza kwamba antimata ikigusa chuma, vyote viwili huangamizana papo hapo. Kwamba kuitengeneza hula nishati nyingi mno kuliko itakayorudisha, kwa hiyo haitawasha taa ya mtu yeyote. Nikajibiwa, "Mwalimu, mbona gazeti limeandika?" Fedha za yule mama hazijarudi, na kijana hajaonekana tena.

Na ukurasa wa sayansi mliokuwa nao zamani uko wapi? Siku hizi pale pana mikeka ya kubashiri mechi, na wanafunzi ndio wanaoifungua kwanza.

Naomba kila habari ya fizikia isomwe na mwalimu wa kidato cha tano kabla ya kwenda mtamboni, na chini yake iwekwe mistari mitatu: vimepatikana viini vingapi, katika migongano mingapi, vilidumu muda gani. Mimi nimestaafu, nipo nyumbani. Nitaisoma bila malipo, hata mkinipigia saa tano usiku.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro