Programu ya kufundishia isikimbilie kutoa jibu

Ndugu Mhariri,

Programu zinazomfundisha mwanafunzi mmoja mmoja uandishi wa programu za kompyuta si jambo geni, kwani katika miaka ya 1980 John Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walibuni ya kufundishia LISP, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, iliyomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua na kumsahihisha palepale alipokosea. Mwanangu, anayejifunza kwa programu ya aina hiyo, alisahau kufunga mabano kwenye mstari wa saba wa kazi yake. Programu hiyo ya kufundishia ikamwandikia kazi nzima upya, akainakili (nami nimeketi kando yake), na kesho yake akasahau mabano yaleyale. Shule zinazonunua programu hizi ziulize kwanza, kabla ya bei, kama zinaweza kudokeza kosa bila kulisahihisha.

Mzazi,
Morogoro