Barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya kujitolea: daftari lishikeni nyie

Wanangu, hamjambo. Nimekaa kwenye vikundi vya kusaidia watu zaidi ya miaka 30 na kuna kitu kinaniuma, nimeona bora niseme hadharani maana kila nikikaa na nyie nakiona kinajirudia. Mnabeba maboksi, mnapanga viti, mnapiga picha, alafu jioni mnapewa fulana na asante, ila ukiuliza akaunti ina hela kiasi gani kila mtu anaangalia chini.

Kikundi chetu cha kwanza kilikufa hivyo. Hesabu zote tulishika sisi wakubwa, vijana tukawaambia nyie ni nguvu kazi, mfadhili alipoondoka hatukumaliza hata miezi minne. Vijana wale walitoka pale na roho nzuri lakini hakuna hata mmoja aliyejua kupanga bajeti, na lawama ni yangu maana mweka hazina nilikuwa mimi.

Cha pili tulishona mabegi, faida iende kulipia masomo ya watoto waliokwama. Daftari la hesabu tukampa binti wa miaka 19. Jioni ya kwanza hesabu ikagoma, akahesabu mara moja, mbili, tatu, jasho linamtoka, noti kazipanga mafungu mafungu, kidole kinashuka taratibu kwenye matumizi mpaka akashtuka, nauli ya kuleta vitambaa hakuna aliyeiandika! Mkono ulikuwa unaniwasha nimsaidie, nikajizuia. Akaichomeka, akapiga hesabu upya, alafu akatuambia watu wazima wote pale kwamba bei tuliyopanga haina nauli wala umeme wa cherehani ndani yake, yani kila begi linalouzwa tunapata hasara. Tungeendelea kuuza kwa furaha mpaka mtaji uishe jamani.

Mnamjua Muhammad Yunus, yule mwalimu wa uchumi wa Bangladesh? Mwaka 1976 alitoa dola 27 mfukoni mwake akawakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, wengine walikuwa wanatengeneza vigoda vya mianzi lakini mtaji wanakopa kwa mfanyabiashara ambaye lazima wamuuzie yeye kwa bei anayotaka yeye. Angeweza kuwapa chakula wakala siku mbili. Aliwapa mtaji, wakawa huru kuuza kwa wanayemtaka. Hiyo kazi ndo ikaja kuwa benki ya Grameen, ya kukopesha maskini, mwaka 1983, na 2006 yeye na benki wakapewa tuzo ya Nobel ya amani.

Sisemi sadaka iachwe. Mgonjwa na mwenye njaa mpe leo, usimletee habari za mtaji. Ila hela ya sadaka na hela ya biashara zikae mbali mbali, ukizichanganya hutajua kama biashara inasimama au inalishwa na michango. Na faida mkubaliane mapema kwa maandishi, kiasi gani kinarudi kwenye mtaji na kiasi gani kinaenda kusaidia, kabla hela haijaonekana, maana ikishaonekana kila mtu ana shida zake. Anayeshinda kazini kutwa nzima alipwe, kujitolea kuna mwisho wake wanangu, nimeona vijana wazuri sana wakiondoka kimya kimya kwa sababu nauli tu iliwashinda.

Kikao kijacho, kabla hamjagawana kazi za kubeba, wekeni daftari mezani muulizane nani hajawahi kulishika. Huyo ndo aanze.