Polisi wa kike Uingereza hawakuanza mwaka 1956

Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa burudani ulioisifia tamthilia ya BBC iitwayo WPC 56 (WPC ni kifupi cha Kiingereza cha konstebo wa kike). Sifa hizo sina ugomvi nazo, maana nami nimeiangalia yote na nikaipenda. Ninachopinga ni maelezo ya mwandishi wenu kwamba humo ndimo tunamwona mwanamke wa Kiingereza akivaa sare ya polisi kwa mara ya kwanza. Si kweli. Simlaumu sana, kwa sababu tamthilia yenyewe inamtega mtazamaji aamini hivyo.

Kwa wasioiona, ilirushwa kati ya 2013 na 2015, misimu mitatu yenye vipindi vitano vitano. Mambo yanatokea mwaka 1956 katika mji wa Brinford, maeneo ya kati ya Uingereza. Gina Dawson, anayeigizwa na Jennie Jacques, anaripoti kituoni akiwa konstebo wa kwanza wa kike katika mji aliokulia. Wenzake wanaume wengine wanamwona mzaha, wengine mzigo. Hapo tamthilia imefanya kazi yake vizuri.

Sasa, Brinford hakuna. Ni mji wa kutungwa, na mtunzi ana haki ya kutunga mji. Lakini Birmingham, jiji kubwa la maeneo hayohayo, liliwaandika Evelyn Miles na Rebecca Lipscombe katika polisi yake mwaka 1917. Kabla ya hapo walikuwa wakiwaangalia mahabusu wa kike. Gina wa kwenye tamthilia hata kuzaliwa alikuwa bado. Mji wa kubuni unampa mtunzi nafasi ya kuanzisha upya kitu kilichokwisha kuwa na miaka karibu arobaini, na mtazamaji anaondoka akidhani kwamba wanawake walisubiri tu hadi vita vya pili vikaisha, ndipo mlango ukafunguliwa.

Mlango ulianza kusukumwa mwaka 1914, vita vya kwanza vilipoanza. Wanawake wawili, Nina Boyle, aliyekuwa akipigania haki ya wanawake kupiga kura, na Margaret Damer Dawson, aliyekuwa akipinga biashara ya kuuza wasichana, waliunda kikosi cha kujitolea. Walijishonea sare na kuingia doria mitaani. Hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu. Boyle alitaka wanawake wanaofikishwa polisi na mahakamani wawe na mwanamke mwenzao wa kuwasimamia, wasiachiwe wanaume peke yao.

Kisha ikaja habari ya Grantham, na hapa ndipo ningependa mwandishi wenu asome kwa utulivu, kwa sababu ni tamthilia tosha. Nje ya mji huo kulikuwa na kambi kubwa ya jeshi ya Belton Park, yenye maelfu ya vijana. Mkuu wa jeshi pale aliona tatizo ni wanawake, akapiga marufuku wanawake kuwa nje kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi. Si wanajeshi, wanawake! Na waliotumwa kusimamia amri hiyo ni akina mama wa kile kikosi cha kujitolea. Waliruhusiwa kuingia majumbani kuhakikisha kwamba wanawake wamo ndani.

Boyle alipopata habari alikuja juu. Kikosi alichokianzisha kiwalinde wanawake sasa kilikuwa kikiwafungia ndani kama kuku. Akamtaka Dawson ajiuzulu. Dawson akaita mkutano, Februari 1915, na karibu kikosi kizima kikasimama upande wake. Boyle akabaki na wachache mno, na kikosi kikabadilisha jina. Nikiambiwa nichague, mimi niko na Boyle. Lakini Dawson naye alikuwa na hoja yake: kwamba wanaume wa polisi wangewakubali tu wakionekana wana faida, na kwamba ukishaingia ndani ndipo utaweza kubadilisha mambo. Hoja hiyo nimeisikia katika kila ofisi niliyowahi kufanya kazi.

Faida hiyo ilionekana, maana mwaka huohuo Grantham ikamwapisha Edith Smith, mwanamke wa kwanza Uingereza kupewa mamlaka kamili ya kukamata watu. Wizara ya Mambo ya Ndani ilishikilia kwamba sheria hairuhusu mwanamke kuapishwa. Mkuu wa polisi wa Grantham na mahakimu wa pale walimwapisha hivyohivyo. Smith alikuwa mjane mwenye watoto wanne, mkunga kwa taaluma, na umri wake ulikuwa umekaribia miaka arobaini. Huyu si msichana mrembo wa miaka ishirini na kidogo ambaye watayarishaji wa televisheni humtafuta.

Kazi yake haikuwa kufukuzana na wauaji. Alitembea mitaani siku saba kwa wiki, akiwarudisha wasichana makwao, akiwaonya waliokuwa wakizunguka na wanajeshi. Alitengeneza orodha ya wasichana aliowaona wapuuzi, akaipeleka kwenye majumba ya sinema na maonyesho ili wasiruhusiwe kuingia. Aliwachunguza wake za wanajeshi kwa ombi la waume zao waliokuwa mbali. Ukisoma hayo leo unaweza kumchukia. Halafu unakumbuka kwamba alikuwa peke yake, bila likizo, na afya ikamwangusha hadi akaacha kazi Januari 1918. Alifariki mwaka 1923. Ningelipia kuona mwigizaji mzuri akipewa mwanamke kama huyo, ambaye huwezi kumpenda moja kwa moja wala kumtupa.

London ilichukua wanawake wake wa doria mwaka 1919, chini ya Sofia Stanley, bila mamlaka ya kukamata. Kikosi cha Dawson kiliachwa kando, na mwaka 1921 baadhi ya viongozi wake wakafikishwa mahakamani kwa sababu sare zao zilifanana mno na za polisi wenyewe. Wanawake waliofanya doria wakati wa vita vyote walishtakiwa kwa kujifanya polisi! Hilo nalo halijapata tamthilia.

Mwaka uliofuata serikali ilikuwa ikibana matumizi, na kamati ya Sir Eric Geddes ikaona polisi wa kike ni gharama isiyo na maana. Wanawake wa London waliozidi mia moja walipunguzwa wakabaki ishirini hivi. Stanley akaondolewa. Nancy Astor, mwanamke wa kwanza kukaa katika Bunge la Makabwela, alipiga kelele bungeni wasifutwe kabisa. Waliobaki walipewa mamlaka ya kukamata mwaka 1923. Hili ndilo linalonikera katika habari za "mwanamke wa kwanza": zinamfanya msomaji aone ngazi inayopandwa tu. Wanawake hawa walipanda, wakasukumwa chini, wakaanza tena, na waliokuja nyuma hawakuambiwa kwamba kuna waliotangulia.

Nikirudi mwaka 1956 wenyewe, mambo ya kuonyesha yalikuwepo tele bila kusingizia kwamba Gina ni wa kwanza. Hadi mwaka 1946 polisi wa kike London akiolewa alitakiwa aache kazi, kwa hiyo wakati wa Gina ruhusa hiyo ilikuwa na miaka kumi tu. Mshahara wao ulikuwa sehemu tisa kati ya kumi ya mshahara wa mwanamume mwenye cheo kilekile. Walikuwa na idara yao ya peke yao, na kazi kubwa ilikuwa kuchukua maelezo ya wanawake na watoto. Idara hizo zilianza kuvunjwa mwaka 1973 na wanawake wakachanganywa na wanaume. Wako waliofurahi, na wako walioona wamepoteza vyeo vya juu ambavyo ndani ya idara ya wanawake visingeweza kwenda kwa mwanamume.

Mwandishi wenu ameahidi kuandika tena kuhusu tamthilia za polisi. Namwomba aanzie Grantham. Na akimtaja Mary Allen, aliyekuwa mmoja wa wawili wa kwanza kupelekwa mji huo na aliyeshika uongozi baada ya Dawson kufariki mwaka 1920, asimfanye malaika. Alifungwa jela akidai kura kwa wanawake, ni kweli. Baadaye alijiunga na chama cha mafashisti cha Oswald Mosley, na hilo nalo liandikwe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga