Kalonymus ni jina la Kiyahudi, ingawa asili yake ni Kigiriki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe dhana ninayoikuta mara kwa mara katika safu zinazoeleza maana za majina, kwamba kila jina la mwanamume wa Kiyahudi limetoka katika Biblia na lina mzizi wa Kiebrania. Wengi huitwa majina kama Abrahamu, Daudi au Yosefu, na kwa hao dhana hiyo haina kasoro. Lakini lipo jina Kalonymus, ambalo siku hizi ni adimu sana, nalo lina mizizi ya Kigiriki.

Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili, kalos, yaani zuri, na onyma, yaani jina. Wanafunzi wa isimu watalitambua neno hilo la pili, kwa kuwa ndilo lililomo ndani ya sinonimu na antonimu. Kwa hiyo Kalonymus ni "mwenye jina jema", maana ileile inayobebwa na jina la Kiebrania Shem Tov. Maana hiyo ina uzito mkubwa katika dini yao: Mhubiri 7:1 huliweka jina jema juu ya marhamu ya thamani, na Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho na sheria za Kiyahudi, baada ya kutaja taji la Torati, la ukuhani na la ufalme, husema kwamba taji la jina jema huyapita yote matatu. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba jina hili ni la kuazima tu. Vazi ni la Kigiriki, lakini wazo lililolivaa ni la Kiyahudi kabisa.

Katika Zama za Kati lilivuma kupitia ukoo wa marabi na watunzi wa mashairi ya ibada uliotoka Lucca, Italia, ukahamia Mainz kando ya mto Rhine. Katika ukoo huo jina hilo lilipokezana na jina Meshullam, kiasi kwamba msomaji wa leo hukutana na Meshullam mwana wa Kalonymus, kisha Kalonymus mwana wa Meshullam, asijue ni yupi babu na ni yupi mjukuu. Si uvivu wa kubuni majina. Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wenye asili ya Ujerumani na Ulaya Mashariki, humpa mtoto jina la jamaa aliyefariki, hivyo jina la babu hurudi nyumbani pamoja na mjukuu. Hata mwandishi wa historia wa Kikristo, Thietmar wa Merseburg, alilihifadhi: anasimulia kwamba Kaisari Otto II, aliposhindwa vitani kusini mwa Italia mwaka 982, alikimbilia baharini juu ya farasi wa Myahudi aitwaye Kalonymus.

Kwingineko desturi ilikuwa tofauti, na mtoto aliweza kuitwa jina lilelile la baba yake. Mfasiri mashuhuri aliyezaliwa Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1286, aliyehamisha vitabu vya falsafa na hisabati kutoka Kiarabu hadi Kiebrania, aliitwa Kalonymus mwana wa Kalonymus.

Katika Kiyidi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, jina lilifupishwa likawa Kalman. Wengi walipewa yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa ilikuwa kawaida mtu kuwa na jina rasmi, linalotumika anapoitwa kusoma Torati katika sinagogi, na jingine la kuitwa kila siku. Anayekutana na jina Kalonymus Kalman asidhani, basi, kwamba la pili ni la ukoo. (Kálmán la mfalme wa Hungaria ni jina jingine, ijapokuwa masikio huyachanganya.)

Aliyelibeba na anayenigusa kuliko wote ni Rabi Kalonymus Kalman Shapira wa Piaseczno, karibu na Warsaw, Poland. Akiwa amefungiwa katika geto la Warsaw, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, huku akiwa amekwisha kufiwa na mwanawe wa pekee, aliendelea kuwahubiria watu wake na kuandika mahubiri hayo. Maandishi yalifukiwa ardhini, naye akauawa na Wanazi mwaka 1943. Baada ya vita yalifukuliwa kutoka vifusini, na bado yanasomwa. Jamii zilizokuwa zikilipokezana jina hili ziliangamizwa pamoja naye, na hiyo ni sababu kubwa ya uadimu wake. Atakayeandika tena kuhusu majina ya Kiyahudi, namwomba asiliache nje ya orodha kwa sababu tu halina mzizi wa Kiebrania.

Wasalaam,
Msomaji wako